Mshika Taa

Mke wangu alikodi boti mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imefunika gari letu, akaandika kwamba tutakuwa watu wazima wawili na mbwa mmoja. Safari ilikuwa ya mwezi wa tisa. Mwezi wa saba tukamzika. Mwezi wa nane mwenye boti akapiga simu kuuliza kama bado tunakuja, na mimi, badala ya kumweleza, nikasema ndiyo, tunakuja.

Dada mkubwa wa mke wangu hakuamini masikio yake. Anaishi Louisville, kule Newburg, kwenye maghorofa yale yale tuliyofikia sote tulipotoka kambini.

"Shemeji," alisema, "msiba haujaondolewa, nawe unakwenda kutembeza mbwa kwenye maji?"

"Nakwenda kukata video ya maziko."

"Video inakatwa mezani. Mama anasubiri."

Ningeweza kumjibu mengi, na ulimi wangu si mzito. Lakini hilo la mama lilikuwa kweli.

Sisi Warundi tuliokulia kambi za wakimbizi za Tanzania hatuna harusi wala msiba wa watu waliopo tu. Nusu ya wenye haki ya kuwapo wako mbali. Kwa hiyo kila kitu hupigwa video na kutumwa kambini, na kule wanakusanyika kwenye simu moja, wanatazama, wanalia au wanapiga vigelegele, kisha ndipo jambo linahesabiwa kuwa limefanyika. Siku za wiki napanga maboksi ghalani. Jumamosi mimi ndiye mpiga video, Buffalo kwetu, na Columbus na Louisville wakiniita. Nimepiga harusi nyingi mno, hata nikisikia keki inaletwa, mguu unasogea wenyewe.

Mama mkwe bado yuko kambini. Alipopigiwa simu kwamba binti yake amefariki, alisema, "Nimesikia," akarudi kupepeta mchele wake. Hakulia. Wiki zikapita, hakulia, na majirani wakaanza kumwogopa. Kila Jumapili aliniuliza jambo moja tu.

"Video iko wapi, mwanangu? Ninyi wenzangu mmezika. Mimi bado sijazika."

Siku ya maziko sikushika kamera. Mwenzangu wa Columbus, Mkongo wa milima ya Kivu Kusini anayefanya kazi hii hii, aliendesha gari alfajiri akaja kunipigia. Jioni alinipa kadi ya kamera bila kunitazama usoni.

"Bon, kaka, nimepiga yote, sikukata kitu. Donc wewe njo utakata, mimi siwezi. Lakini taa ilikuwa shida. Hakukuwa mutu wa kushika."

Nilimshukuru, nikaitia kadi kwenye kikombe juu ya friji. Ikakaa humo. Watu walikuja kunipa pole, wakanisifu kwamba najikaza, na kikombe kiko juu ya vichwa vyao.

Lazima nieleze habari ya taa. Aliyekuwa akiishika ni mke wangu. Tulianza hivyo tukiwa wageni Louisville, hatuna hela ya kumlipa mtu, na baadaye nisingemtaka mwingine. Huwezi kusema "inua taa" wakati mchungaji anaomba. Kwa hiyo nilikuwa namwonyesha kwa vidole viwili nyuma ya mgongo wangu. Vikiinuka, ainue. Vikishuka, ashushe. Vikienda kando, asogee upande huo. Yeye alisimama nyuma ya bega langu la kushoto, fimbo ya taa mkononi, viatu vya mchuchumio amevua kwa kuwa vilimuumiza. Sikuwahi kugeuka kuangalia kama ameona. Nikiinua vidole, mwanga uliinuka.

Ndiyo maana hayumo kwenye video hata moja. Nina harusi za watu wa majimbo mangapi, nina maharusi ambao wameshaachana, na mke wangu sinaye. Nina picha zake kadhaa za simu, ananuna kwa sababu hakupenda kupigwa. Nikitaka kuwa naye nafungua harusi ya mtu na kutazama mwanga.

Mama mkwe alikuwa amelijua hilo zamani. Kila video tuliyotuma aliitazama mpaka mwisho, hata za watu asiowajua, na hakuwa anamtazama bibi harusi. "Wiki hii ulichoka," alikuwa akimwambia binti yake kwenye simu, "taa ilitikisika wakati wa keki." Tulikuwa tunacheka, tunasema mama amekuwa fundi. Kisha mwaka jana akasema taa inatikisika tangu mwanzo hadi mwisho, na mwanangu, mpeleke binti yangu hospitali. Tulikwenda ili kumridhisha mzee wa watu. Huko ndiko tulikoambiwa ni saratani, na kwamba imeshatembea mwilini.

Basi nikaenda kwenye boti, na kompyuta yangu, na kamera, na kikombe chenye kadi ndani, na mbwa.

Huyo mbwa naye hakuwa wangu. Mke wangu alikuwa akitunza wazee majumbani, na bibi mmoja wa mtaani kwetu North Buffalo alipofariki, watoto wake hawakumtaka mbwa. Mke wangu akaja naye kwapani. Nilimwambia wazi kwamba kambini mbwa alikuwa wa kulinda mahindi, kwa hiyo huyu halali ndani. Usiku huo huo alilala ndani, miguuni kwetu. Tangu mwezi wa saba amekuwa akilala upande wa mke wangu kitandani, na mimi sina nguvu ya kumfukuza.

Wazo la boti lilikuwa la mke wangu pia. Tulikuwa Lockport, si mbali na Buffalo, tunapiga picha za maharusi kando ya mfereji mkubwa wa kupitishia boti, ikapita boti moja ndefu, nyembamba kama benchi la kanisani, polepole kiasi kwamba mzee mmoja alikuwa anatembea kando yake na kuipita. Juu yake wazungu wawili wanakunywa chai, mbwa wao amelala kwenye paa. Mke wangu alishusha taa ili atazame. Bibi harusi alinuna. Sijawahi kumwona mke wangu akiacha kazi katikati isipokuwa siku hiyo.

"Watu wanakodi kitu ili wachelewe," alisema. Alicheka mpaka nyumbani. Lakini hakuisahau.

Mwenye boti alinifundisha kuiendesha kwa muda mfupi kuliko nilivyofundishwa kuendesha mashine ya ghalani. Usukani wake ni mpini mrefu nyuma. Unausukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Aliniuliza kama mke wangu atakuja baadaye, kwa kuwa tuliandikwa wawili. Nikamwambia atakuja. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka kuwe na mtu mmoja Marekani nzima ambaye kwake bado anakuja.

Kutoka Lockport kwenda mashariki mfereji umenyooka. Huku mashamba ya tufaha, kule njia ya baiskeli, na kila baada ya muda mji mdogo wenye daraja la chuma. Ukifika unapiga honi. Mlinzi anatoka kibandani, anafunga barabara, na daraja zima linapanda juu pamoja na lami yake. Magari yanapanga foleni pande zote mbili. Mimi niliyetumia utoto wangu kwenye foleni ya maji, ya unga, ya kuni, nikapita chini ya daraja na watu wote wale wananisubiri mimi na mbwa. Jambo hilo lingemfurahisha sana mke wangu. Nilipiga kila daraja kwa kamera kwa ajili yake, halafu nikishaweka kamera chini nakosa wa kumwonyesha. Nilikuwa na hasira, nakiri. Niliwachukia waendesha baiskeli walionipungia mkono wawili wawili, wamevaa nguo za kufanana.

Kikombe kilikaa kwenye meza ya boti. Nilikinyima macho.

Tulipofika mji mdogo wa Medina mvua ikaanza kunyesha asubuhi na haikuonyesha dalili ya kukoma. Nilifunga kamba, nikaingia ndani. Boti ile ndani ina upana wa mikono yangu miwili ikinyooshwa. Hakuna pa kwenda. Mbwa alikuwa ameloa, ananuka, ananitazama. Nikatoa kadi, nikaiingiza kwenye kompyuta.

Video inaanzia nyumbani kwetu, watu wameketi, wanaimba. Chini ya wimbo kuna mbwa anabweka. Shemeji alikuwa ameagiza afungiwe chumba cha chini ya nyumba ili asiwaaibishe wazee. Mbwa aliyekuwa miguuni pangu alijisikia, akasimama, akajijibu. Wakawa wanabweka wote wawili mpaka gari la maiti likaondoka.

Kisha kanisani. Mwenzangu wa Columbus ni fundi, simlaumu. Alikuwa mtu mmoja mwenye mikono miwili. Taa aliiegemeza kwenye kiti. Ikamulika maua, na viatu vya mashemasi, na juu ya viatu giza. Jeneza liko wazi, watu wanapita kumuaga, nyuso ni vivuli tu. Uso wa mke wangu ni kivuli kidogo kwenye kitambaa cheupe, huwezi kusema ni nani.

Halafu nikaona mgongo wangu. Niko mbele ya jeneza, nimevaa koti jeusi la kuazima. Mkono wa kulia umeshika ukingo wa jeneza. Wa kushoto uko nyuma ya mgongo. Nakumbuka pale nilipokuwa nimesimama nilisumbuliwa na jambo moja, kwamba simwoni vizuri. Hilo nalikumbuka. Lakini hili jingine silikumbuki: vidole vyangu viwili vikainuka. Vikatulia kidogo. Vikainuka tena.

Nilirudisha nyuma nikatazama upya, nikijiambia huenda nilikuwa najikuna. Sikuwa najikuna.

Mwanga ulibaki kwenye viatu.

Nililia siku ile. Nilikuwa sijalia vile hospitalini, wala makaburini, ambako kulikuwa na wageni wa kupangiwa viti. Nililia kwa sauti, na watu wa boti ya jirani nadhani walisikia, maana redio yao ilizimwa. Nilimkosa mke wangu kwa mwili mzima, kama mtu anayekosa hewa. Mbwa alipanda kitandani akajilaza upande ambao mke wangu angelala.

Mvua ilipopungua nikaanza kazi. Kazi yangu ni kukata. Nakata watoto wanaogombania soda, nakata mjomba aliyelewa, nakata mama mwenye nyumba anayefokea wapishi. Nikafika kwenye vidole, nikaweka alama ya kukata, maana si heshima mkwe kuonekana anafanya ishara mbele ya maiti. Nikaitazama ile alama muda mrefu. Nikaiondoa. Hapo ndipo mahali pekee kwenye video zangu zote ambapo naonekana nikizungumza na mke wangu.

Niliituma kwa mama mkwe kutoka maktaba ya mji, mbwa amefungwa nje kwenye nguzo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye usukani simu ikalia. Nikasogeza boti kwenye nyasi za ukingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimetazama. Tumetazama na majirani." Nyuma yake nilisikia kuku, na watu wengi wanaojitahidi kukaa kimya. "Mbona ni giza?"

"Taa haikuwa na mshikaji, mama."

"Nimeona viatu vya watu. Uso wa mwanangu sikuuona."

"Nisamehe."

"Sikulaumu. Nauliza kuhusu mkono wako. Ulikuwa unamwonyesha nani?"

Ningeweza kumpiga chenga. Ningesema namwonyesha mpiga video, angeniachia. Lakini alikuwa ametazama mwanga ule miaka yote, kutoka mbali, zaidi ya mtu mwingine yeyote duniani.

"Yeye, mama. Nilitaka ainue taa."

"Uliinua vidole mara mbili," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Binti yangu tangu mdogo hakuwahi kuitwa mara mbili."

"Hakuwahi."

"Na hakuinua."

"Hakuinua, mama."

"Basi amekufa," alisema mama mkwe, taratibu. "Amekufa kweli."

Akaanza kulia, na majirani waliokuwa wamesubiri tangu mwezi wa saba wakampokea. Nilishuka nikaketi kwenye nyasi na simu sikioni, mbwa akaja akakaa ubavuni pangu, tukamsikiliza mpaka mtandao ulipokatika.