Kuzeekea Likunja

Yule Mzungu alitaka kuzeeka kwetu. Si kufanya kazi, si kufundisha, si kuhubiri, kuzeeka tu. Mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka. Dunia yote hii, na kwao anakujua, lakini jicho lake likatua kwenye mteremko wetu wa Likunja, ambako bibi mzaa mama alipanda mikorosho na mama alilima ufuta.

Alikuwa fundi wa matingatinga kule Nachingwea. Mradi wa karanga wa Waingereza ulipokufa, wenzake walifunga mizigo wakaenda zao. Yeye akasema kwao kuna baridi na hakuna anayemngoja, atabaki hukuhuku mpaka afe. Baba alikuwa taniboi wake: alipaka grisi, alibeba spana, alitukanwa asubuhi na kusifiwa jioni. Siku moja alimleta kwetu kuwinda kanga. Mzungu akaona kisima, akasikia upepo wa mlimani, akauliza shamba lile ni la nani. Baba akajibu, "Langu."

Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na ardhi ni ya ukoo wa mke, inatoka kwa bibi inakwenda kwa mama, kisha kwa binti. Hata mtoto anayefukuza ndege shambani analijua hilo. Na baba hakuwa hata mtu wa hapa. Alivuka Ruvuma akiwa kijana, akafika kwa wakwe zake na shoka begani na shuka moja. Lakini Mzungu aliona suruali, akadhani ameona mwenye mali. Kwamba mwenye shamba ni yule mwanamke aliyemletea maji ya kunywa, hilo halikumpitia kichwani. Wakauziana, wageni wawili, kitu ambacho hakuna kati yao aliyekuwa nacho.

Mama hakuwapo. Tulikuwa naye Mandawa, kwenye msiba wa dada yake. Tuliporudi tulikuta vigingi, kamba na mitaro ya msingi, na mkorosho mkubwa kuliko yote umelala chini. Ulikuwa unaziba mahali pa varanda. Aliyeukata ni baba, kwa shoka lake.

Nilidhani mama atapiga mayowe. Hakupiga. Alitua mzigo, akaingia ndani, akatoka na kinu, akakisimika katikati ya vigingi, akaanza kutwanga. Mzungu akashuka kwenye gari lake akiwa amekunja uso.

"Mama, wewe ondoka. Hapa sitingi rumu."

Mama hakuinua kichwa. "Natwanga," akasema.

Kesho yake alipika ugali mahali palipopangwa kuwa chumba cha kulala. Mama wadogo wakaja na majembe yao, wakakaa kwenye mitaro wakichambua mboga na kumsema Mzungu kwa Kimwera, naye akiwa amesimama palepale, hajui kwamba pua yake ndiyo inayochekwa. Nilicheka kuliko wote. Baba alikaa upande wa pili, kwenye rundo la matofali, hana wa kuzungumza naye.

Mjomba akaitwa kutoka Nanganga, maana jambo la ardhi kaka wa mama ndiye anayelisemea. Mzungu akaeleza kwa sauti kubwa kwamba amelipa, na aliyempokea malipo yuko hapahapa. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia baba.

"Shemeji, ulipokuja hapa ulikuja na nini?"

"Na shoka."

"Basi ungeuza shoka."

Mzungu akataka arudishiwe chake. Hapo ndipo tulipojua chake kilikokwenda: baba alikuwa amejijengea kibanda huko Nachingwea, karibu na soko, amekiezeka bati. Hakumwambia mtu. Alipobanwa alisimama.

"Na mimi nitazeekea wapi? Shamba si langu. Mikorosho niliyoiongeza kwa mkono wangu si yangu. Hata huyu," akaninyooshea kidole, "ni wa ukoo wenu."

Nilikuwa nimesimama karibu naye na kata ya maji, nimemletea yeye, kwa sababu hakuna mwingine aliyemjali siku ile. Nilimchukia papo hapo. Nikayamwaga yale maji miguuni pake, na hakuna aliyenikemea.

Mama ndiye aliyemjibu. "Nani alikuambia utafukuzwa?"

Baba akaketi tena. Labda hakuwahi kumuuliza. Miaka yote ile alilala kwenye kitanda cha mama akimwogopa kama mwenye nyumba anayeweza kumtolea vyombo nje, na mama hakujua kwamba anaogopwa.

Mzungu alikwenda Nachingwea akayang'oa yale mabati kwenye kibanda cha baba, akayauza, akaondoka. Wapo waliosema kaenda Rhodesia, wapo waliosema karudi kwenye baridi yake. Sikuuliza. Shoka mjomba alilichukua. Baba aliondoka mikono mitupu, akawa mlinzi wa duka huko mjini, analala barazani pa duka lenyewe. Hakurudi, na mama hakumfuata. Alipanda mbegu za korosho kwenye mitaro ya Mzungu, na mikorosho ikaota kwa kufuata vyumba: huku varanda, huku sitingi rumu, huku chumba cha kulala.

Miti hiyo ilikuwa imenipita kichwa mimi niliyekwisha vunja ungo, pale mtu wa Nachingwea alipokuja kutuambia kwamba baba amefariki, na kwamba watu wa sokoni wamekwisha mzika. Mama alikuwa anapalilia chini ya ile mikorosho. Alimsikiliza ameegemea jembe.

"Hapa nafasi yake ilikuwapo," akasema.

Akaniambia nimpe mgeni maji, akaendelea kupalilia.