Atakayelifungua Sina Radhi Naye

Usiku ule nililala nikiwa nimenuna, na aliyekuja kunitembelea alikuja amenuna kunizidi.

Nieleze kwanza hasira yangu, maana bila hiyo ndoto yenyewe haieleweki. Mimi hutengeneza meno ya bandia katika kliniki moja hapa Tanga. Ni kazi ya vidole. Kwa muda sasa mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka kila nikishika kitu chembamba. Kikombe cha chai nilikishika vizuri, lakini brashi ilicheza. Mchana wa siku ile daktari aliniambia kwamba si ugonjwa wa kuua, ni mtetemo tu ambao hurithiwa, na kwamba hautarudi nyuma. Utaongezeka taratibu.

"Kwenu kuna mtu anatetemeka?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna. Baba yangu, nikamwambia, alikuwa na mkono uliotulia kuliko wako wewe. Nilisema hivyo kwa ubaya kabisa, kama vile yeye ndiye aliyeniletea maradhi. Akaandika dawa, nikaondoka bila kuaga.

Baba alikuwa karani wa bandari, na nyumbani alikuwa mtu wa modeli. Unaletewa boksi lenye gari la plastiki katika vipande vidogo vidogo, vimening'inia kwenye fremu zake. Unavikata kimoja kimoja, unavipiga msasa, unavipaka rangi, unaviunga kwa gundi, mpaka unapata gari zima la urefu wa kiganja na kitu, lenye injini ndani, nyaya za plagi, hata kanyagio la breki. Yeye alitaka magari ya Kimarekani ya zamani tu, yale yenye boneti ndefu, mkia mfupi na injini ya silinda nane. Mabaharia aliojuana nao ndio waliomletea. Sijui kama Tanga nzima kulikuwa na mwingine mwenye wazimu huo. Mimi aliniambukiza, kisha akanichukia kwa kuambukizwa.

Sina neno laini la kuweka hapo. Nilipokuwa msichana, nikimpelekea mlango wa modeli niliopaka rangi, aliupitishia ukucha mpaka apate kasoro, na akiipata aliukwangua wote. Hakuwahi kuniambia "vizuri". Aliniambia "rudia", au hakuniambia kitu, akanirudishia kwa ncha za vidole.

Juu ya kabati la chumba cha uani kulikuwa na boksi moja ambalo hakuligusa mtu. Ndani yake, kwa picha ya juu, gari jekundu lenye michirizi miwili myeupe inayokimbia kutoka boneti hadi nyuma. Nailoni yake ya dukani ilikuwa haijakatwa. Alisema atalijenga akistaafu. Akastaafu, hakulijenga, na hata yale mengine akaacha. Akasema ni macho. Siku zake za mwisho aliniita, mama akiwa pembeni ya kitanda, akaniambia: "Boksi lile, atakayelifungua sina radhi naye." Akafa na neno lake mdomoni.

Watu wa mbali wanaweza kucheka. Kwetu, neno la mzazi la namna hiyo hulichezei. Mtoto aliyekoseshwa radhi, hata akijikwaa uani watu hutazamana. Na mwenye kulifuta yuko kaburini.

Sasa nifanyeje? Gari lile nimelitaka tangu nina akili. Nikingoja, mikono itakuwa imekwisha. Nikilifungua, nimejitakia laana. Siku ile nilitoka kwa daktari nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama, nikaingia chumba cha uani, nikalishusha boksi nikaliweka juu ya meza ya baba. Nikashika kisu. Nikakaa hivyo mpaka mama akaniita kula, nikamwambia sina njaa, kwa sauti ambayo hakustahili. Mwisho nikajilaza kwenye kitanda cha kamba palepale, taa ikiwaka.

Nikaona mlango unafunguka.

Baba aliingia amevaa shati lake jeupe la kazini na suruali iliyopigwa pasi. Mikono yake yote miwili ilikuwa mfukoni. Hakunisalimu. Mimi nilikuwa nimeshaketi kwenye kiti chake, sijui niliamka saa ngapi kitandani, na boksi liko mbele yangu.

"Nani amekuweka hapo?" akauliza.

"Umekufa, baba. Kiti hakina mwenyewe."

Ningekuwa macho nisingethubutu. Katika ndoto neno lilitoka lenyewe, na nikafurahi kulisikia. Alinitazama kama anavyotazama rangi iliyochuruzika. Chumba kikawa na harufu ya gundi, ile kali ya zamani inayopanda kichwani, na nikajua kwamba hakuja kunijulia hali.

Nikainua kisu. Na mara hiyo hiyo meza haipo, chumba hakipo, tumo ndani ya lile gari jekundu, kubwa la kweli, tunakwenda kasi katika barabara ya Muheza, na mashamba ya katani yanapita pande zote mbili. Usukani uko kushoto, Kimarekani. Baba ameketi nyuma yake. Mikono bado iko mfukoni.

Usukani unajizungusha mwenyewe. Injini inanguruma mpaka meno yangu yanagongana. Mbele ya macho yetu kioo kimeharibika: kuna alama nne za duara, nyeusi, zimezama ndani ya kioo kana kwamba mtu ameweka masufuria ya moto juu yake. Kupitia alama zile sioni barabara. Naona vipande vyake tu, kona inayokuja, mti, mbuzi.

"Toa mikono!" nampigia kelele. "Shika usukani!"

Taya lake limekaza. Ni taya lile lile la utotoni mwangu, na mwili wangu unalijua, unajikunja wenyewe kwenye kiti. Nachukia kwamba unajikunja. Mimi ni mwanamke mzima, nina watu wanaotafuna nyama kwa meno niliyowatengenezea, na bado najikunja kwa ajili ya taya la maiti.

Namrukia. Nashika mkono wake wa kulia hapo kwenye kiwiko na kuuvuta utoke mfukoni. Ananisukuma kwa bega. Ana nguvu. Tunagombana ndani ya gari linalokimbia kama watoto wanaogombea kitu, pumzi tu. Nami sijali tena kona wala mbuzi.

Kisha tumesimama. Hakuna gari. Tuko barazani mwa nyumba yetu, kuna jua, na mimi nimevaa sare ya shule. Mkononi nimebeba gari la kwanza nililojenga peke yangu, la buluu, na gundi imevimba kwenye maungio ya milango. Nalijua hili. Najua kinachofuata. Atalichukua, atalizungusha, atabonyeza gurudumu la mbele kwa dole gumba mpaka livunjike, aseme kwamba gari lisilobeba uzito wake ni takataka. Ndivyo alivyofanya siku hiyo, na mimi nikaingia ndani nikalia kwenye mto ili asinisikie.

Analichukua. Dole gumba linakuja juu ya gurudumu.

Linatetemeka.

Siku ya kweli halikutetemeka, naapa, nilikuwa nalitazama. Lakini katika ndoto linatetemeka, na baada yake vidole vyote, na mkono mzima mpaka kiwiko, na gari langu la buluu linagongagonga ndani ya kiganja chake kama njugu ndani ya kopo. Anajaribu kuubana kwa mkono wa pili, na huo wa pili nao unatetemeka. Nainua macho kumtazama usoni. Natarajia aibu. Hakuna aibu pale, kuna chuki tupu, chuki ya mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu.

"Haya, umeona," anasema. "Umefurahi?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka pia kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba nilifurahi, nikaumia, nikafurahi tena, na mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeanza kucheza kule chini, akauona. Akautazama muda mrefu. Nikangoja aseme kitu cha baba kwa mwana. Watu husimulia ndoto zao hivyo: marehemu anacheka, anamshika mtu kichwa, anamwambia usihuzunike. Mimi wangu alirudisha mikono mfukoni.

Tukawa tena chumba cha uani. Boksi katikati yetu, juu ya meza. Kisu ninacho mimi.

"Nipe radhi," nikamwambia. Sikumwomba vizuri. Nilimdai.

"Sina."

"Hata sasa? Hata ukiwa huko?"

Akainama juu ya boksi. Akalisogelea kwa sikio, kama mtu anayesikiliza kama maji yamechemka. Alikaa hivyo. Alipoinuka uso ulikuwa ule ule, mkali, ila ulikuwa umechoka sana, na nilitamani asichoke, maana nilikuwa bado sijamaliza ugomvi.

"Limekufa humo ndani," akasema. "Mjinga wewe. Unangoja nini?"

Akanigeuzia mgongo. Nikampigia kelele arudi. Nilipiga kelele hasa, kwa jina lake, jina ambalo mtoto halitamki, na kelele hiyo ndiyo iliyoniamsha.

Alfajiri ilikuwa imeshaingia dirishani. Mama alikuwa amesimama mlangoni na khanga yake ya kusalia, amesikia yote. Hakuniuliza kama naumwa. Akaja akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akaniuliza yale wanayoulizana watu wa kwetu mtu akitembelewa na marehemu.

"Amekupa kitu?"

"Hakunipa."

"Amechukua kitu chako?"

"Hakuchukua. Alinionyesha mikono yake, mama. Ilikuwa inatetemeka."

Mama akatazama sakafu.

"Ulianza wa kulia," akasema. "Wewe ulikuwa umeshaondoka, uko chuo. Ukija likizo anaweka mikono mfukoni, au anaikalia. Chai hakunywa mbele yako, hujawahi kuona hilo? Vifungo vya shati nilimfunga mimi. Wali nilimlisha mimi, kwa kijiko, mlango umefungwa."

"Na hukuniambia."

"Aliniapisha."

"Nimemwambia daktari kwetu hakuna!"

"Usinipigie kelele, Zaina. Nimechoka kupigiwa kelele ndani ya nyumba hii."

Nilikuwa na hasira na wote wawili, aliyekufa na aliyebaki, na nilipomwangalia yule aliyebaki nikaona ana vidole vya mtu aliyefunga vifungo vya mwenzake miaka mingi bila shukrani. Hasira haikuondoka, ila haikujua tena iende wapi.

"Mwisho amesema nini?" akauliza.

"Amesema limekufa humo ndani. Akaniita mjinga. Radhi amekataa."

Mama akainuka. Akaenda mezani, akachukua kisu nilichokiacha, akakishika vibaya, kama anayetaka kumenya muhogo.

"Mama! Radhi zake!"

"Alisema atakayelifungua. Sasa nalifungua mimi." Akaanza kuchana nailoni. "Nimemvalisha, nimemlisha, nimemwogesha, siri yake nimeibeba mpaka nikaidanganya damu yangu. Na aje anidai. Radhi zake mimi za nini?"

Nailoni ilikuwa imekauka, ikapasuka yote kwa mara moja. Akainua kifuniko, akarudi nyuma, akaniachia.

Mwili wa gari ulikuwa mwekundu, unang'aa, kama umetoka kiwandani jana. Chini yake, ndani ya mfuko mmoja, walikuwa wametia kioo cha mbele pamoja na matairi. Kila mjenzi wa modeli anajua kwamba matairi yale laini, yakikaa muda mrefu yanagusa plastiki, huitafuna. Boksi likifika unalifungua, unayatoa, unayatia mfuko wake. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na kwa jambo hilo aliwahi kunipiga. Lakini hili la kwake hakutaka mtu alione limefunguliwa akauliza mbona hulijengi. Matairi yote manne yalikuwa yamezama kwenye kioo, yameungana nacho. Nilipoyabandua yaliacha mashimo ya duara, meusi, na kioo kikakatika mkononi.

Nikamtukana baba yangu. Nilimtukana kwa sauti, tusi zima, mbele ya mke wake, na mama hakunikataza.

"Hicho hakifai," akasema alipoona nimemaliza. "Injini je?"

Nikaikagua fremu, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Silinda zote nane zilikuwepo. Hakuna kilichotafunwa.

"Injini nzima."

Akanivutia kiti. Nikakaa, nikashika kisu, nikaweka ncha yake kwenye shingo ya kipande cha kwanza, pale kinaposhikana na fremu. Ncha ikaanza kucheza, kushoto, kulia, haitaki kutulia, na machozi yakanijia nikainua mkono.

Mama alinishika kiwiko, na hakunishika kwa upole. Akakigandamiza mezani.

"Kata," akasema.

Nikakata.