Dua Iliyosomwa Nikiwa Njiani

Siku mbili kabla sijaondoka Uturuki, nilikokuwa nasoma, mama alinipigia kunipa maelekezo. Nikishuka uwanja wa Kilimanjaro nipande basi hadi Korogwe, nianzie Kilole kwa shangazi, kisha ndiyo niende nyumbani Handeni. Dua ya kushukuru kurudi kwangu ingesomwa baada ya Alasiri, na majirani walishaambiwa.

"Uanze kwa shangazi yako," alirudia.

Sikuuliza kama shangazi naye ameambiwa. Tangu baba afariki, mama na wifi yake hawapigiani simu. Salamu zao zinapitia kwangu. Swali hilo nilisafiri nalo ndege nzima. Niliona nikiuliza nitachokoza jambo, na nisipouliza nitaonekana sijali. Mwishoni nikaliacha, nikajifanya nimelala.

Kwenye basi nilipanga kila kitu: nitasalimia, nitampa mtandio niliomnunulia, nitaaga. Hata maneno ya kuaga nilikuwa nimeshayatunga, nikayabadilisha Same, nikayabadilisha tena Mombo.

Nilifika Kilole kabla ya Adhuhuri kwa bodaboda. Nikamwomba dereva anisubiri. Shangazi alikuwa barazani, amevaa gauni la sikukuu, hina inang'aa miguuni. Moyo ukaniuma. Amejipamba hivi kwa ajili yangu, nami nimekuja kukaa nusu saa!

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda! Huko hawapiki?"

"Wanapika."

"Basi huli."

Alinishika mkono akakaa nao. "Haya. Na Handeni leo kuna nini?"

Nikaingiwa na hofu. Nikisema kuna dua na yeye hajaalikwa, nitakuwa nimewasha moto mimi mwenyewe. "Hakuna kitu, shangazi. Mama anataka tu nifike mapema."

Akauachia mkono wangu.

"Mapema," alisema. "Basi kaa ule kwanza."

Nilidhani chakula kiko tayari. Jiko lilikuwa baridi. Akaenda ndani, akarudi na ungo wa maharage makavu, akakaa na gauni lake la sikukuu akaanza kuyachambua, moja moja. Maharage makavu! Nilihesabu kichwani muda wa kuyachemsha, muda wa gari kujaa stendi, muda wa njiani, na kila hesabu ilinikuta bado nipo Korogwe Alasiri. Nikasema sina njaa. Akasema mtu haondoki kwake na njaa. Nikasema nina haraka. Akasema maharage hayajui haraka.

Nje dereva akapiga honi. "Kaka, tunaenda au tunahamia?"

Nikamlipa akaondoka. Maharage yalikuwa bado kwenye ungo.

Baada ya Adhuhuri mama akapiga. Nikatoka uani.

"Uko wapi?"

"Bado Kilole. Shangazi ndiyo anataka kupika."

"Anapika nini saa hizi? Hajajiandaa?"

"Kujiandaa kwenda wapi, mama?"

Nilisikia sufuria zikigongana nyuma yake na mwanamke mmoja akicheka.

"Wewe, nimekutuma huko kufanya nini?"

"Hukuniambia nimwambie kitu."

"Ulitaka nimwalike wifi yangu kwa simu, kama ninamwita fundi bomba? Nimemtuma mtoto wa kaka yake mlangoni kwake! Kuna mwaliko gani zaidi ya huo?"

Nilihisi hasira, na sikujua niielekeze kwa nani. Kwa mama, ambaye angeweza kuniambia kwa maneno mawili tu? Kwa shangazi, aliyekuwa ananiuliza huku anajua? Maana alikuwa anajua. Nilipokwenda mbele yake nikasema, "Shangazi, mama anakuita kwenye dua," hakuinua hata macho.

"Dua gani? Si umesema hakuna kitu?"

"Nilikosea."

"Muuza vitunguu anayetoka soko la Handeni kaniambia tangu juzi. Nikasema nikae, nitaletewa habari na mtu. Mtu mwenyewe kafika, kasema hakuna kitu." Akatupa jiwe dogo kutoka kwenye ungo. "Hayo maneno ya sasa kasema mama yako, au umeyatunga wewe?"

"Kasema mama. Twende, shangazi, nakuomba."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mkoba uliofungwa tayari na viatu mkononi. Kumbe kilichobaki ni kuvaa viatu tu. Hata hivyo maharage yalirudishwa kwenye kopo, funguo zikapelekwa kwa jirani, na jirani akasimuliwa kisa chote huku nimesimama na mabegi juani. Stendi gari lilitaka watu wanne ndipo lijae, nao walikuja mmoja mmoja.

Tulipoingia nyumbani, mikeka ilikuwa inakunjwa na shehe ameshaondoka. Walikuwa wamemshukuru Mungu kwa kunifikisha salama wakati mimi nipo barabarani.

Mama alinipita mimi, mwanawe niliyekaa ughaibuni miaka mitatu, akaenda kumpokea wifi yake mkoba.

"Umechelewa, wifi."

"Mjumbe wako alificha barua."

"Huyo? Anafikiri sana huyo, tangu mdogo."

Wakaingia ndani pamoja, ambako sinia la pilau lilikuwa limefunikwa kwa ajili ya shangazi. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mama, niliyoyaandaa tangu Uturuki. Nikabaki mlangoni na mabegi, nikijiuliza kama niyaseme sasa au wakishakula.

"Unangoja nini hapo?" shangazi akaita. "Ingia, au na wewe unataka utumiwe mtu?"