Siku Mama Alipokubali Kuitwa Mufarisayo

Jirani yangu hapa Goma akichemsha majani ya mikaratusi kwa ajili ya mafua, mvuke wake hupita chini ya mlango wangu, na mara niko tena katika milima ya Masisi, mtoto mwenye miguu ya matope, nikifuata kitenge cha mama yangu chini ya mikaratusi, njiani kwenda hija.

Tulitoka Kirolirwe asubuhi na baridi, waumini wa kijiji chetu, tukienda kwa miguu hadi groto, pango la sala la Bikira Maria, ng'ambo ya milima. Ng'ombe waliacha kula wakatutazama tukipita na nyimbo zetu. Mbele alikuwa Papa Deo, katekista wetu, mtu wa sauti nene na viatu vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba. Kila tulipopumzika alitufundisha habari za Wayahudi wa siku za Yesu na makundi yao ya dini, maana, alisema, hatuwezi kumpenda mtu bila kujua alilelewa kati ya watu gani.

Mimi nilimwomba Mungu Papa Deo asifike kwa Wafarisayo. Hilo ndilo jina ambalo majirani walimpa mama. Tangu mdogo wangu Riziki afe kwa surua, mama alikuwa amebadilika. Hatukugusa chakula bila kunawa, kisha kunawa tena. Maharagwe ya kwanza ya shamba yalikwenda kanisani kabla hatujayaonja. Ijumaa alifunga hata kama alishinda akilima juani. Kule mtoni wanawake walicheka wakisema, "Mama Neema iko Mufarisayo," nami, Neema mwenyewe, nilitamani ardhi inimeze. Mama aliinua ndoo yake akaondoka. Jina la Riziki hakulitaja tena.

Papa Deo alianza na Waeseni, waliokwenda kuishi peke yao jangwani. Binamu yangu Bahati akatangaza kwamba yeye atakuwa Mueseni, kwa sababu huko hakuna shangazi wa kumtuma maji. Walipotajwa Wazeloti, waliokamata silaha kupigana na Waroma, watu wazima walitazama msituni, maana kwetu nako kulikuwa na wenye silaha, na Papa Deo hakukaa sana hapo.

Kisha wakaja Wafarisayo. Walinawa mikono, walifunga, walitoa zaka hata ya majani ya mboga. Watoto wote waligeuka kumtazama mama, na Bahati akaziba mdomo asicheke. Papa Deo aliona. Akaongeza kwamba wengi wao walimpenda Mungu kweli, na kwamba waligombana na Masadukayo, wakubwa wa hekalu, juu ya jambo moja: Wafarisayo waliamini wafu watafufuka, Masadukayo walikatala.

Mama alikuwa akitumenyea viazi. Kisu kikasimama.

"Papa Deo," akasema polepole, "hao Wafarisayo walikuwa wanaamini hata watoto watafufuka?"

Papa Deo alivua kofia yake. "Hata watoto, Mama."

"Basi muniite vile. Mimi niko Mufarisayo. Riziki wangu alikufa, na atafufuka."

Bahati aliondoa mkono mdomoni. Mwanamke mmoja, aliyekuwa wa kwanza kumtania kule mtoni, alisogea akaketi karibu naye, akachukua kisu na kuendelea kumenya.

Njia iliyobaki mama alinishika mkono, akanisimulia jinsi Riziki alivyowacheka ndama, jinsi alivyokatala kulala bila kushika sikio langu. Mimi nilikuwa nimesahau hayo. Alisimulia mpaka tukafika, na kwenye groto alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Wakati ule nilifurahi tu kwamba Bahati hakuwa tena na neno la kunichokoza. Niliona mama ameshinda. Nilipokuwa mtu mzima, nami nimeshazika watu wangu, ndipo nilipoelewa: ili aseme mtoto wake atafufuka, ilimbidi kwanza aseme amekufa. Na neno hilo, hadi siku ile, lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake.