Magimbi ya Mtaroni

Niseme mwenyewe kabla watu hawajanisemea: ugonjwa wa reli yetu niliula kwa maharage, siku baada ya siku, na nikausifia.

Nilikuwa mwanamke pekee katika gengi linalotunza kipande cha reli kwenye tambarare chini ya Moshi. Reli ile ilikuwa imelala miaka mingi, nyasi zimeota katikati ya vyuma, hadi treni ya abiria iliporudi nami nikapata kazi. Kazi ile niliipenda kupita kiasi. Nikiona kokoto safi zimeshindiliwa vizuri chini ya mataruma yanayobeba vyuma vya reli, nilifurahi kama mtu aliyefunuliwa sufuria ya mtori.

Desemba ile tulikuwa na sehemu moja korofi. Treni ikipita, mataruma manne yalizama, na yakiinuka yalitema tope jeusi. Maji yalikuwa yamejikusanya chini ya tuta, udongo umelainika na kupanda juu, kokoto zimekuwa uji. Tulifukua, tukaweka kokoto mpya, tukashindilia. Mvua ikanyesha mara mbili, tope likarudi. Jumatano msimamizi akatuambia habari iliyonichoma: kama pale hapatatengemaa kufikia Ijumaa, treni ya Krismasi haitakuja.

Kwangu treni ile ilikuwa na abiria mmoja. Wifi yangu alivunjika nyonga, na tangu hapo hawezi kukaa kwenye basi kutoka Dar. Mama mkwe alikuwa hajamwona miaka minne. Mimi, kwa mdomo wangu mrefu, nilimpigia wifi simu nikamwambia akate tiketi ya behewa la kulala, reli ninaitunza mwenyewe.

"Ni mlima unashusha maji, dada," msimamizi akasema. "Utauzuia mlima?"

"Maji ya mlima yamechimbiwa mtaro," nikamjibu. "Mbona hayaufuati?"

Nikaondoka kwa hasira, nikaufuata mtaro wa pembeni ya reli kuelekea kalvati, tundu linalopitisha maji chini ya tuta. Kabla sijafika nikakuta magimbi. Magimbi yenyewe yamestawi, majani mapana kama ungo! Nikashangaa, maana hicho ni chakula cha juu, Marangu, kwenye migomba na ubaridi. Huku chini jua linakausha hata mahindi. Nikachomeka beleshi. Mizizi ilikuwa imeshika matope mpaka mtaro umejaa, na mdomo wa kalvati hauonekani. Maji yalikosa njia, yakaingia chini ya reli.

"Nimeupata!" nikapiga kelele peke yangu, nikaruka juu kama mwendawazimu. "Nimeupata!"

Kisha nikaona kijiti cha kuwekea mpaka. Kilikuwa kimefungwa kipande cha kanga yangu ya zamani, na nyumbani tulikuwa na mtu mmoja tu mwenye mkono wa kuotesha magimbi popote.

Mama mkwe nilimkuta akichambua maharage.

"Shikamoo mae."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Nilipopanda, kulikuwa na treni?"

"Hapakuwa, mae."

"Basi treni ndiyo imenikuta."

Nikibanwa huwa napandisha sauti. Safari hii sikuthubutu. Nikamwomba tu anifuate. Tukasimama pembeni ya tuta hadi treni ya mizigo ilipopita, polepole, na nikamwonyesha taruma kwa kidole. Likazama. Likainuka. Tope likaruka hadi kwenye viatu vyetu.

"Wifi atapita juu ya hili, amelala," nikasema.

Alirudi nyumbani, akaja na jembe, kanga ameifunga kiunoni, akaanza kung'oa la kwanza mwenyewe. Gengi zima likaingia mtaroni. Yeye aliyapanga magimbi pembeni na kutukemea tusiyavunje, mbegu hiyo, mbegu! Kalvati lilipozibuka, maji yalitoka kwa kishindo, na tulishangilia wote, msimamizi akiwa wa kwanza kurusha kofia. Usiku ule sikulala kwa furaha. Alhamisi tukatoa uji wote wa chini na kujaza kokoto mpya.

Treni ilikuja Jumamosi asubuhi. Nilisimama pale pale palipokuwa korofi na bendera yangu, mama mkwe pembeni yangu katika gauni lake la kanisani. Dirisha la behewa la tatu likafunguka. Wifi akatoa mkono mzima nje, akapunga, akaita, "Mama! Mama!"

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa ameinama, mikono magotini, anatazama taruma lile chini ya magurudumu, behewa kwa behewa, mpaka la mwisho likapita.

"Limetulia?" akaniuliza.

"Limetulia, mae."

Hapo ndipo alipoanza kukimbia kuifuata treni.