Kiganja cha Bibi Sufu

Siku hizi ukipita kwenye ule ukumbi mwembamba husikii kitu. Zamani sindano za kufumia ziligongana hapo tangu alfajiri, tiki, tiki, tiki, mlio mkavu kama wa mtu anayehesabu makosa ya wenzake. Wapangaji wa upande wa pili waliuzoea hata wakawa wanashtuka ukikatika. Kiti chake bado kipo. Mto umebonyea pale alipokuwa akikaa, wala hakuna anayeukalia. Mkaza mwana wake huweka hapo nepi zilizokauka.

Walimwita Bibi Sufu kwa sababu ya kazi yake, na pia, walisema wenye midomo, kwa sababu ukikaa naye karibu lazima uwashwe. Alifuma sweta za wanafunzi, za walinzi, za yeyote aliyeona baridi. Kila kipande kilichokamilika alikilaza mezani, akakifunika kwa kitambaa chenye maji, akakikandamiza kwa pasi ya mkaa mpaka mvuke ukajaa chumba. Kisha alikivuta kile kitambaa na kuinyoosha sweta kwa viganja vitupu, ingali inawaka.

"Ikishapoa imeshakataa," alisema. "Sufu baridi huiambii kitu."

Aliifanya kazi hiyo tangu usichana wake. Jikoni aliepua sufuria motoni bila kitambaa, akavuka nayo ukumbi taratibu, na wapangaji wakamtania: "Bibi, wewe uliumbwa kwa bati?" Alipunguza mwendo ili wamtazame vizuri.

Fahari yake nyingine ilikuwa mwanawe. Alizaliwa njiti, wakati wa baridi kali, mdogo kiasi cha kutosha ndani ya boksi la viatu. Mkunga mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa. Bibi Sufu alimviringisha kwa sufu, akamfunga kifuani, sufu juu ya sufu, akaketi naye hivyo mpaka baridi ikaondoka, na mtoto akabaki. Akakua, akawa fundi pancha mwenye shingo nene na maneno machache. Tangu hapo mama yake aliamini kwamba mtoto ana adui mmoja tu duniani, naye ni baridi. Ni imani ambayo mtu angeweza kuzeeka nayo salama, kama mwanawe asingeoa.

Alioa mwanamke wa chumba cha baridi. Kiwanda cha nyama kilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na kazi yake ilikuwa kupanga vipande kwenye rafu za barafu. Humo ndani walivaa makoti mazito na glavu. Jambo la kwanza alilofundishwa ni kuvua akitoka, kwa sababu anayesimama juani na koti lake hulowa jasho, na akirudi ndani amelowa, anaugua. Alijua kuvaa na kuvua kama wengine wanavyojua kufungua na kufunga mlango.

Wanawake hawa wawili hawakupendana hata siku moja. "Kumkumbatia huyu," Bibi Sufu aliwaambia wageni siku ya harusi, bibi harusi mwenyewe akisikia, "ni kama kufungua friji."

Mjukuu alikuja wakati wa joto. Alikuja ametimia, mnene, mapaja yana mikunjo, baba yake akamwita Kibonge. Chumba chake kilikuwa chini ya mabati matupu, na dirisha lake lilitazama machweo. Kufikia alasiri ungeweza kuhisi joto likikushukia kichwani. Humo ndimo vita ilimopiganwa, na silaha zilikuwa nguo ndogo ambazo zingetosha kumvika mwanasesere.

"Mama, kofia ya nini ndani ya nyumba?"

"Ya kichwani."

"Mtoto anatoka jasho."

"Ni maziwa yako hayo. Mepesi, yanatafuta pa kutokea."

"Avae kama sisi tulivyovaa, na labda kinguo kimoja zaidi. Na jua likiwa hivi, hata hicho sikitaki."

"Akae kama kuku aliyenyonyolewa? Hebu mshike mikono. Mshike! Barafu. Na miguu barafu. Au unataka kumfanya nyama ya kiwanda chenu?"

Mama wa mtoto alizificha kofia, Bibi Sufu akafuma nyingine. Mama alitupa moja jalalani. Bibi aliifuata, akaifua, akaianika mbele ya mlango wake, kisha akamvalisha mtoto mbele ya wapangaji, na kamba akazifunga mafundo mawili chini ya kidevu. Fundi pancha akirudi na kuwakuta hivyo alikumbuka kazi aliyoiacha, akageuza kwenda kwenye matairi yake. Tairi likichoka hutoa pumzi tu, halitukani.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa na mtoto. Asubuhi ya kurudi kazini mkaza mwana alimlaza Kibonge chali kwenye kitanda chake kidogo, ndani ya fulana moja ya pamba na nepi. Akaondoa blanketi, akafungua dirisha.

"Hivi alivyo abaki hivi," alisema. "Ukiwa na wasiwasi mshike nyuma ya shingo, au kifuani. Mikono na miguu usiiulize, haisemi kweli."

"Mimi nimelea."

"Ulilea njiti wakati wa baridi. Huyu si njiti, na huu si wakati wa baridi."

Ndilo neno la kweli kuliko yote yaliyopata kusemwa katika nyumba ile, lakini lilisemwa kwa dharau ambayo sikio lolote lisingeipokea. Bibi Sufu aliendelea kufuma. Mlango ulifungwa kwa kishindo.

Kwa muda mambo yalikwenda hivyo. Mama alimwacha mtoto na fulana, alimkuta na fulana, na hakujua ni nini kilivaliwa na kuvuliwa katikati, ingawa vipele vyekundu shingoni vilimpa jibu. Aliuliza. Aliambiwa ni mbu.

Kisha mtambo wa kiwandani uliharibika na wafanyakazi wakaruhusiwa mapema. Alifika nyumbani jua likiwa utosini. Sindano zilikuwa zinagongana ukumbini.

"Amelala," alisema Bibi Sufu bila kuinua macho. "Leo kalala vizuri. Hata hajalia."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Kibonge alikuwa ndani ya kofia, sweta na suruali ya sufu, blanketi limevutwa mpaka kidevuni. Uso ulikuwa mwekundu kama tofali, nywele zimegandamana, pumzi fupifupi za haraka. Mama yake alimwita. Alimwita tena, akamtikisa mguu, na mtoto hakufumbua macho.

Fundo la kofia lilikuwa limelowa na halikufunguka. Alirudi ukumbini, akanyakua mkasi kwenye kikapu cha uzi, akakata kamba, kisha akaipasua sweta kutoka shingoni mpaka chini. Sufu ikikatwa hutoa sauti nzito, kama nyasi zinavyotafunwa. Bibi Sufu, aliyemfuata hadi mlangoni, aliisikia sauti hiyo kabla hajaona kitu kingine, na akapiga kelele:

"Sweta yangu!"

Baadaye angeapa kwamba hakumwona mtoto, kwamba chumba kilikuwa na giza. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mwanamke aliyeinama juu ya kitanda aligeuka, akamtazama, na katika mtazamo ule mambo mengi yaliisha.

Alimtoa mtoto nje kivulini, akampangusa mwili kwa kitambaa cha maji, akampepea, akampa ziwa, na hakulishika. Akakimbia naye zahanati akiwa na nepi tu. Fundi pancha aliitwa, akafika mikono myeusi. Bibi Sufu alifuata nyuma, peke yake, hakuna aliyemngoja.

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene asiye na haraka, lakini siku hiyo aliharakisha. Walimfanyia mtoto kazi mpaka akafumbua macho, akanyonya kidogo, akalia. Kilikuwa kilio cha hasira, na muuguzi akasema hicho ndicho alichokuwa anakisubiri. Kisha akauliza mtoto alikuwa amevaa nini. Mama alilimwaga furushi la sufu mezani.

"Mtoto huyu mmemchemsha," alisema muuguzi.

"Mikono yake ilikuwa baridi!" Bibi Sufu alisema. "Niliishika mwenyewe!"

"Mikono ya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa mzima. Njoo ushike hapa." Akauchukua mkono wa mwanamke mzee, akauweka nyuma ya shingo ya mtoto, iliyokuwa bado inawaka. "Unamsikiaje?"

Wote walingoja.

"Sawa tu," alisema Bibi Sufu. "Amepoa kidogo."

Mkaza mwana aliugeuza mkono ule. Kiganja kilikuwa laini, kinang'aa, hakina mistari, kama ngozi ya kiatu iliyopigwa rangi miaka mingi. Akaichukua gilasi ya chai ya muuguzi, iliyotoka kumiminwa, akaisimamisha katikati ya kiganja hicho na kuvikunja vidole juu yake.

Bibi Sufu aliishika, akiwatazama mmoja mmoja. "Nini?"

"Chai hiyo inachemka, Mama."

Aliutazama mvuke.

"Zile sufuria," alinong'ona mwanawe. Naye miaka yote alikuwa akiwacheka wapangaji wakimtania mama yake.

Mkewe hakunong'ona. "Mkono wako umekufa, Mama, na hautaondoka na mwanangu. Kuanzia leo humgusi."

"Ni mjukuu wangu."

"Humgusi."

Fundi pancha alimpigia simu dada yake mkubwa jioni ile, akamwomba ampokee mama yao. Mpaka siku ya safari ilipofika, Bibi Sufu hakufuma. Wapangaji walimwona akisimama ukumbini mchana, anaweka kiganja ukutani, halafu anaweka shavu. Akafanya hivyo kwa birika. Akafanya hivyo kwa mlango wa bati. Hakuomba msamaha, na hakuna aliyemwomba.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na upepo wa baridi, mvua imenyesha usiku. Mkaza mwana alisimama mlangoni na Kibonge mkononi, mtoto ana fulana moja tu, na ilionekana wazi fulana ile ilivalishwa ili ionekane. Bibi Sufu alimsogelea. Aliiweka mikono yake nyuma ya mgongo, akashika kidole kwa kidole kama mtu aliyefungwa, akainama, akalaza shavu nyuma ya shingo ya mtoto. Mama alikakamaa lakini hakurudi nyuma.

"Leo amepoa kweli," alisema Bibi Sufu. "Mwongeze kimoja. Cha pamba."

"Nitaona."

"Hakuna cha kuona. Mwongeze."

Mwanawe alibeba begi. Gari lilipokata kona, mkaza mwana aliingiza vidole chini ya ukosi wa fulana, akaviacha hapo kwa muda. Halafu akaingia ndani, akamvalisha Kibonge shati la pamba juu ya fulana, na hakumwambia mumewe.

Bibi Sufu sasa anaishi kwa binti yake mkubwa, mji mwingine, katika nyumba isiyo na mtoto. Anafuma sweta za wanafunzi. Oda za nguo za watoto wachanga hazipokei.