Nyasi za Harusi ya Zuhura

Masizi yakilowa maji hutoa harufu chungu inayoganda puani kama mgeni asiyejua kuaga. Nikiinusa popote hurudi Makongeni, kwenye kiwanja cha nyasi kilichokuwa kati ya mlango wetu na wa Mama Zuhura, nikiwa na miaka kumi na akili nyingi kupita kiasi. Kilikuwa na ukubwa wa mikeka sita. Nitaeleza baadaye nilivyojua. Baba yangu, karani wa reli, alikipanda shina kwa shina, kwa ukoka aliouleta kutoka kazini ukiwa umefungwa ndani ya gazeti. Kila Jumamosi alikifyeka kwa slasha akiwa amevaa tai, eti si vizuri majirani kumkuta mtu akiwa ovyo.

Mwaka huo baridi ya Julai iliandamana na ukame. Mawingu ya kijivu yalitanda kutwa bila kutoa hata tone, na mifereji ilitoa maji siku mbili kwa wiki. Kufikia Agosti nyasi zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Zuhura, binti mkubwa wa jirani, alikuwa aolewe katikati ya Septemba, na kwa kuwa nyumba zetu zilikuwa finyu, wageni wa bwana harusi kutoka Mombasa wangeketi pale nje. Baba alikuwa amemwahidi Mama Zuhura kwamba wakwe zake wangekaa juu ya kijani kibichi. Kisha akatumwa Kisumu kikazi kwa wiki tano, akaniachia ahadi yake.

"Nekesa, kila jioni mwagia maji ya kusuuzia vyombo," aliniambia. "Nyasi zimelala tu. Hazijafa."

Nilimwagia kwa uaminifu wa shemasi. Hazikuamka. Zilirefuka kidogo kwa kukosa slasha, zikakauka hadi zikawa zinalia zikikanyagwa. Kila asubuhi Mama Zuhura alitoka na kikombe chake cha kahawa, akazitazama, akasema, "Tutasubiri, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa ila adabu inamzuia kusema. Ilipobaki wiki moja nikamkumbuka bibi yangu wa Kakamega, ambaye huchoma malisho kabla ya mvua na baada ya siku chache ng'ombe wanakula majani mabichi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini methali hiyo tulikuwa hatujaifikia shuleni. Jumamosi hiyo, mama yangu alipokwenda sokoni, nilitandaza magazeti ya baba, nikawasha kiberiti.

"Ewe Nekesa! Wafanya nini?" Mama Zuhura alitoka mbio.

"Naziamsha."

"Waziamsha au wazizika?"

Alizima moto kwa nusu pipa la maji aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya pilau. Zuhura alikuja akasimama mlangoni, akatazama weusi ule uliokuwa ukifuka moshi, akarudi ndani. Hakunisemesha wiki nzima. Hadi leo sijapata adhabu iliyonichapa vizuri kama ile.

Baba alirudi jioni ya kuamkia harusi. Aliweka mkoba wake chini kando ya weusi ule. "Kwetu wanachoma malisho, Nekesa," alisema. "Wewe umechoma sebule ya watu." Kisha akafungua tai, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya nje ya nyumba, akachuchumaa, akakwangua masizi kwa kidole. Chini yake kulikuwa na mzizi mweupe, mwembamba kama uzi. "Ziko hai," akasema. "Ila hazijui kwamba kesho kuna harusi."

Usiku ule aliazima mikeka nyumba kwa nyumba. Sita ilienea kikamilifu, na kingo tu zikabaki wazi. Kesho yake pilau lilinukia, nyama ikiwa imetoka Soko la Burma, na wazee wa Mombasa wakaketi wakiwa na kanzu nyeupe pe. Bwana harusi, kwa wasiwasi wake, akakosea hatua na kukanyaga nje ya mkeka. Pindo la kanzu likazoa masizi.

"Ala!" akasema ami yake. "Umekuja kuoa au kuchoma makaa?"

Watu walicheka, na kutoka dirishani nikasikia kicheko cha Zuhura. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Mvua ilinyesha siku tano baadaye. Kiwanja kikachipua kijani cha kuumiza macho, na Zuhura alikuwa amekwisha hamia Mombasa. Nililia. Baba akanikabidhi slasha.

Leo ninakaa Komarock, nina shahada mbili na sina hata shina moja la ukoka. Uwanja wetu umetandikwa matofali ya kabro, isipokuwa hapo langoni, ambapo mwenye nyumba ametandaza nyasi za plastiki. Bawabu huzifagia. Agosti, mimi nikiwa ndani ya sweta mbili, zenyewe ni kijani tu. Nilizicheka hadi nilipogundua kwamba zinanifaa: hazihitaji mtu mwenye subira. Mwezi uliopita Zuhura na mumewe walikuja kula chakula cha mchana. Mzee ana ndevu nyeupe sasa na magoti yake ni mabovu. Alipofika langoni alisimama, akaukagua ule ukijani, kisha akanitazama. Akashika pindo la kanzu kwa vidole viwili, akalipandisha hadi juu ya vifundo vya miguu, ndipo akavuka.